Medali ya Mvulana Anayepuliza Mwenge

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Kaloleni. Marehemu babu yangu aliipikia familia moja ya Kizungu kule Karen kwa miaka mingi. Mwenye nyumba alikuwa zamani ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mjane wake aliporudi kwao mwaka 1963 alimpa babu kasha dogo kama ukumbusho. Ndani mna medali ya shaba yenye mvulana anayepuliza mwenge, na nyuma kuna shada la majani na maneno HOC PRETIVM CIVE SERVATO TVLIT. Ukingoni kumechongwa jina la ofisa, cheo cha luteni na tarehe ya Agosti 1908. Nimeipima kwa rula, ni milimita 38. Pia mna picha yake akiwa amevaa sare, lakini medali hii iko kifua cha kulia na zile nyingine kushoto. Je, picha imegeuzwa? Alipigana vita gani? Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale hapa mjini anataka kuichukua kwa shilingi 4,000. Niuze? Na baba anauliza kama anaweza kuivaa Siku ya Mashujaa.

JIBU: Dada wa Kaloleni, salamu zimefika. Kabla sijaeleza lolote, nakuomba mambo mawili: usiiuze kwa sasa, na usiisugue kwa kitu chochote, iwe ndimu, majivu, dawa ya meno wala ile dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Sababu utaziona mbele.

Huyu bwana hakupigana vita yoyote ili aipate. Medali uliyonayo ni ya Royal Humane Society, chama cha London ambacho hutuza watu waliohatarisha maisha yao kumwokoa mwingine. Si medali ya serikali, si ya mfalme, wala si ya jeshi la majini. Ofisa wako aliipata kwa kumtoa mtu majini, au mahali pengine pa hatari ya namna hiyo, na kwa kuwa alikuwa luteni wa manowari mwaka 1908, mimi naweka dau langu kwenye maji.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1774 na madaktari wawili, William Hawes na Thomas Cogan. Kero yao ilikuwa kwamba watu waliotolewa mtoni walikuwa wakihesabiwa maiti mapema mno. Mtu akitolewa Mto Thames hapumui, alifunikwa shuka na habari yake ikaishia hapo. Madaktari hawa walishikilia kwamba wengine bado wana uhai ndani yao, na ukifanya haraka unaweza kuurudisha. Wakatoa zawadi za pesa kwa yeyote atakayejaribu. Baadhi ya mbinu zao leo zitakuchekesha: pamoja na kumpasha mtu joto na kumpulizia hewa, walishauri pia moshi wa tumbaku, na haukupitishwa mdomoni. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na huyo mvulana kwenye medali ndiye wazo hilo. Mwenge wake umezimika, naye anaupuliza kwa kuwa huenda ndani yake kumebaki cheche. Maneno ya Kilatini yanayomzunguka upande huo wa mbele, si yale uliyoyanakili nyuma, yanasema hivyo hivyo.

Vipimo ulivyonitumia vimenisaidia sana, na natamani kila anayeniandikia angechukua rula kama wewe. Medali za mwanzo za chama hiki zilikuwa kubwa, milimita 51 hivi, za kuweka kabatini na si za kuvaa. Zile za shaba zilianza mwaka 1837. Kabla ya hapo zilikuwa za fedha na dhahabu. Mwaka 1869 zikapunguzwa hadi milimita 38 ili ziweze kuning'inizwa kwenye utepe kifuani. Kwa hiyo medali ya 1908 yenye milimita 38 iko mahali pake. Ungeniambia 51, ningeanza kushuku.

Sasa geuza upande wa nyuma, maana huko ndiko penye habari ambayo wauzaji wengi huipita bila kuitazama. Maneno uliyoyanakili, ambayo maana yake ni kwamba mtu alipata tuzo hii kwa kumwokoa raia, yamewekwa kwenye medali za wale ambao waliyemwokoa alipona. Ipo aina ya pili, isiyo na maneno hayo. Badala yake inataja maisha yaliyotiwa hatarini, nayo alipewa aliyejirusha lakini yule mtu akafa hata hivyo. Wakusanyaji wa Uingereza huzitenganisha waziwazi, hii ya mafanikio na ile isiyo ya mafanikio, na wengi huilipia zaidi ya kwanza. Mimi sikubaliani nao. Aliyepambana na mawimbi akarudi na maiti mikononi hakufanya kazi ndogo. Lakini kwa upande wako ni habari njema: Agosti 1908 kuna mtu alitoka majini akiwa hai, na huenda ana vitukuu mahali fulani.

Picha haikugeuzwa. Medali za serikali huvaliwa kushoto. Za vyama kama hiki huvaliwa kulia. Ukitaka uthibitisho, tazama vifungo vya koti: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na kama picha ingegeuzwa ungeona kinyume. Ukishafika hapo, shuka kwenye mikono ya koti uhesabu mistari. Miwili yenye kitanzi juu yake ni luteni. Ukiona mstari mwembamba katikati ya ile miwili, basi ni luteni aliyekaa katika cheo miaka minane au zaidi. Mwaka 1914 watu hao wakapewa jina lao wenyewe, Luteni Kamanda. Mistari ikiwa na mawimbi, picha ilipigwa alipokuwa jeshi la akiba la kujitolea, jambo ambalo hata huku kwetu liliwezekana, maana Mombasa ilikuwa na kikosi cha namna hiyo tangu miaka ya 1930. Rangi kati ya mistari nayo husema kitu: zambarau ni wahandisi, nyekundu ni madaktari. Picha ya zamani haina rangi, najua, lakini kitambaa hicho huonekana kama kivuli tofauti kati ya mistari ya dhahabu.

Watu wengi huchanganya medali hii na nyingine za uokoaji, basi nizitaje kwa haraka. Taasisi ya mashua za uokoaji ya Uingereza, RNLI, ilianzishwa Machi 1824, na medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ilikwenda kwa ofisa wa majini. Aliitwa Charles Fremantle. Siku chache tu baada ya taasisi kuzaliwa, jahazi la Wasweden lilikwama karibu na Christchurch, kusini mwa Uingereza, naye akajifunga kamba kiunoni akaogelea hadi kwenye jahazi; mwishowe yeye mwenyewe alivutwa ufukweni kwa kamba hiyo hiyo akiwa nusu mfu. Mji wa Fremantle kule Australia umepewa jina lake. Kuna medali ya bodi ya biashara ya Uingereza kwa ushujaa baharini, iliyoanza 1855. Kuna ya Lloyd's, wale wa bima za meli, tangu miaka ya 1830. Na kuna ya Albert, ya mwaka 1866, ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa uokoaji. Wenye nayo waliokuwa hai mwaka 1971 walibadilishiwa wakapewa Msalaba wa George, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza.

Hiyo ya Albert nitakusimulia kisa chake kimoja, kwa sababu kinaonyesha jinsi mambo haya yanavyozunguka. Februari 1912 luteni mmoja wa majini, Edward Evans, alikuwa anakufa kwa kiseyeye kwenye barafu ya Antaktika, akirejea kutoka safari ya Kapteni Scott ya kuelekea Ncha ya Kusini. Waliobaki naye walikuwa mabaharia wawili wa vyeo vya chini, Tom Crean na William Lashly. Walimvuta kwenye sleji mpaka nguvu zikawaishia. Lashly akabaki kumuuguza hemani, Crean akatembea peke yake kilomita 56 hivi, kwa saa 18, na chakula chake kilikuwa biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti. Wote wawili walipata Medali ya Albert. Luteni akapona. Miaka tisa baadaye, Machi 1921, akiwa nahodha wa manowari Carlisle katika bahari ya China, Evans huyo huyo alijitosa majini kuwaokoa abiria wa meli Hong Moh iliyovunjika mwambani, mamia wakiwa tayari wamekufa, naye akatunukiwa medali kwa hilo. Watu waliopona siku ile waliokolewa na mtu ambaye bila biskuti tatu za Crean asingekuwapo.

Nirudi kwa luteni wako. Unaweza kudhani kwamba kumwokoa aliyeanguka kutoka melini ni suala la kujua kuogelea tu. Hebu piga hesabu. Meli inayokwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo ambao kwa manowari si mkubwa, huacha mita 300 nyuma yake kila dakika. Mtu ameteleza akaanguka. Lazima kwanza aonekane, kelele ipigwe, boya litupwe, injini isimamishwe, na meli yenyewe haisimami kama matatu. Inateleza mbele kwa uzito wake. Kisha mashua ishushwe, watu washike makasia. Kufikia hapo aliyeanguka ni kichwa kidogo mbali kule nyuma ya meli, kinachopotea kila wimbi linapoinuka. Na mabaharia wengi wa enzi hizo hawakujua kuogelea hata kidogo.

Kwa hiyo anayeruka lazima aruke sasa hivi, katika sekunde chache za mwanzo, kabla mtu hajapotea machoni. Anaruka na nguo zake, mara nyingine na viatu. Anaruka mbele ya rafadha, ile propela inayosukuma meli, kama yuko upande wa omo, yaani mbele. Akifika majini, kazi yake si kumburuta mtu hadi ufukweni, ni kumshikilia asizame mpaka mashua ije, na mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu, pamoja na shingo ya mwokozi wake. Katika bahari zetu za joto ongeza na papa. Barua walizoandika manahodha kupendekeza watu kwa chama hiki hujaa mambo ya namna hiyo: hali ya bahari ilikuwaje, kulikuwa giza au mchana, papa walikuwa wameonekana au la, aliyeruka alikuwa amevaa nini, alikaa majini muda gani. Kamati ya London ilitaka ushahidi wa waliokuwapo, na ndipo ilipoamua: fedha, shaba au cheti tu. Kwa hiyo shaba yako ilipita kwenye mikono ya watu waliozoea kukataa.

Huenda umejiuliza ofisa wa baharini alitafuta nini Nairobi, mji usio na hata ziwa. Jibu ni ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuwagawia mashamba maofisa na askari Wazungu waliotoka vitani. Bahati nasibu yake ilichezwa mwaka 1919 hapa hapa mjini, katika jumba la Theatre Royal ambalo baadaye likawa sinema ya Cameo, kwenye barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue. Ardhi iliyogawiwa ilikuwa na wenyewe, hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kenya. Miongoni mwa waliochukua walikuwamo watu wa majini pia. Siwezi kusema kama wako alikuwa mmoja wao, ila ni mahali pazuri pa kuanzia, na majina ya walowezi hupatikana kwenye Gazeti Rasmi la serikali, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Matangazo ya mirathi pia yamo humo. Kwa karatasi zenyewe nenda Jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Najua nusu ya Nairobi hupanga kukutana nje ya Archives na hawajawahi kuvuka mlango wake, wewe uvuke.

Kwa upande wa Uingereza fuata njia hii. Usipoteze muda na gazeti rasmi la London. Medali ya Albert ilitangazwa humo, lakini hii yako haikutangazwa, kwa sababu ile ile kwamba haikutoka serikalini. Anza na orodha ya maofisa wa majini, iliyochapwa mara kadhaa kwa mwaka, upate jina lake na meli yake ya mwaka 1908. Kisha hifadhi ya taifa ya Uingereza, kule Kew, ina rekodi za utumishi wa maofisa chini ya alama ADM 196. Ukishajua meli, omba daftari lake la safari la Agosti 1908, chini ya alama ADM 53. Daftari la safari ndilo ninalolipenda kuliko zote, kwa kuwa ofisa wa zamu aliandika saa kwa saa mahali meli ilipokuwa, upepo ulivyokuwa, na kama mtu alianguka baharini, dakika yake. Mwisho, kumbukumbu za chama chenyewe zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji la London, The London Archives, ambayo zamani iliitwa London Metropolitan Archives. Waandikie jina na tarehe.

Na unapowaandikia, usiulize habari za luteni peke yake. Uliza aliyeokolewa ni nani. Hili ndilo ombi langu kubwa kwako, na nalisema kwa kuwa wauzaji na wakusanyaji hawalijali. Jina la aliyeruka limechongwa ukingoni. La aliyeanguka halimo popote kwenye shaba hiyo. Kama meli yake ilikuwa katika Bahari ya Hindi, kuna uwezekano ambao Mkenya hapaswi kuupuuza. Tangu karne ya 19 manowari za Kiingereza zilizozunguka bahari hii ziliajiri mabaharia Waafrika wa pwani yetu, wengi wakiandikwa Unguja na Aden. Waingereza waliwaita Seedies. Walipakia makaa ya mawe, walilisha matanuri, walivuta makasia ya mashua kwenye joto ambalo wakubwa wao walisema Mzungu haliwezi. Majina yao yaliandikwa na makarani ambao waliandika walichosikia, au walichojisikia: utakuta mtu ameandikwa jina la utani la Kiingereza basi, baba yake hajulikani, kwao hakujulikani. Makaburi ya baadhi yao yapo mpaka leo Simon's Town, Afrika Kusini, ilikokuwa kambi kubwa ya majini ya Waingereza.

Sisemi kwamba aliyeokolewa na luteni wako alikuwa mtu wa Lamu au wa Unguja. Huenda alikuwa kijana wa Portsmouth. Lakini mambo haya yanaweza kujulikana, na gharama yake ni barua chache na nakala kadhaa za kurasa. Medali ikiambatana na jibu hilo inakuwa kitu kingine kabisa, hata kama utaamua kuiuza.

Sasa bei. Shilingi 4,000 haifiki hata pauni 30. Medali za shaba za chama hiki zilitolewa kwa maelfu, kwa hiyo usianze kupanga kununua ploti Kitengela. Hata hivyo, ikiwa na jina la ofisa wa majini, tarehe inayosomeka na kisa kinachoeleweka, kwenye minada ya London hufika mamia ya pauni. Ikiwa pamoja na zile nyingine za kifua cha kushoto, cheti chake na picha, hupanda zaidi. Mnunuzi wako si lazima awe mwizi. Yeye ananunua shaba yenye picha ya mvulana, na kwa hiyo bei yake anaiona ya haki. Wewe unauza jina. Nyumba za mnada kama Spink na Noonans huweka bei za mauzo yao ya nyuma mtandaoni, unaweza kuzisoma bila kulipa. Kumbuka tu kwamba watakata kamisheni yao, na usiitume kwa posta kwa mtu ambaye hujathibitisha yuko wapi.

Kabla ya hapo iangalie vizuri kwa kioo cha kukuzia. Sonara yeyote wa Biashara Street anacho, na ukimwomba kwa adabu hatakulipisha. Unatafuta mambo matatu. Kwanza herufi za ukingoni: ziwe zimechongwa zikazama, na zote kwa mkono mmoja. Pili ukingo wenyewe: ukiwa umebonyea au mwembamba kuliko unavyopaswa pale penye jina, kuna mtu alisugua jina la zamani akaandika lingine. Tatu, mstari wa kiungo unaozunguka ukingo mzima, ambao ni dalili ya nakala iliyomiminwa kwenye kalibu. Kwa maelezo yako, na kwa njia kasha hilo lilivyofika kwenu, sioni sababu ya kuogopa, ila angalia.

Kuhusu sheria: Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Medali ya 1908 haimo. Ukitaka kuitoa nje ya nchi, hata hivyo, pita kwanza Makavazi ya Kitaifa upate neno lao kwa maandishi, usije ukabishana na afisa wa forodha uwanjani Jomo Kenyatta ukiwa na ndege ya kuwahi. Suala gumu zaidi liko nyumbani kwenu. Babu alipewa, kwa hiyo ilikuwa mali yake. Alipofariki ikawa sehemu ya mirathi yake. Kama ana watoto wengine walio hai, baba zako wadogo na shangazi zako wana neno. Nimeona familia zikikosana kwa vitu vya bei ndogo kuliko hii, si kwa sababu ya pesa, bali kwa sababu mmoja aliuza bila kuwaambia wengine. Kaeni chini kwanza. Na yeyote anayekumbuka mjane yule alisema nini siku ile ya 1963, mwandike maneno yake leo, na tarehe, na jina la anayesimulia. Karatasi hiyo ndiyo hati yenu ya umiliki.

Sasa kuhusu kusugua. Ule weusi wa kahawia juu ya shaba si uchafu. Ni utandu uliojijenga kwa zaidi ya miaka mia, nao huilinda shaba iliyo chini yake. Ukiung'oa, medali itang'aa kama sufuria mpya, na mnunuzi yeyote anayejua kazi yake atashusha bei papo hapo. Vumbi lipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Ukiona madoa ya kijani yanayovunjika kama unga, hayo ni kutu mbaya, mpelekee mtu wa uhifadhi pale Makavazi, usijitibu mwenyewe. Ishike kwa ukingo, maana chumvi ya vidole hubaki. Usiiweke kwenye mfuko wa plastiki wala karibu na dawa ya nondo; ifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na wino au kitambaa cha pamba, uitie kwenye kasha lake, mbali na ukuta unaotoa unyevu mwezi Julai. Utepe wa buluu iliyokoza, kama upo, ndio wa asili yake. Usiufue hata kama umechakaa.

Baba yako naye. Hapana, asiivae. Desturi ya Waingereza ni kwamba medali huvaliwa na aliyeipata, na baada yake jamaa zake wa damu, nao hufanya hivyo siku maalumu za ukumbusho tu. Babu yenu alikuwa mpishi wa nyumba hiyo, hakuwa wa ukoo huo, na sioni kwa nini mtoto wa babu yenu ahitaji kutembea na ujasiri wa mtu mwingine kifuani. Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, mwambie ailete mezani ikiwa kwenye kasha lake, watoto waione, kisha awasimulie habari za mpishi.